Mozaiki ya uso wa meza: nyufa, utando mweupe, vipande vinacheza. Nivunje au nirekebishe?

kokoto7
Habari wadau. Uso wa meza ya duara, kipenyo sm 60, plaiwudi ya mm 9. Vigae vya kauri vimevunjwa kwa nyundo na kuchanganywa na vioo vya bluu vinavyopitisha mwanga. Gundi ni ile nyeupe ya mbao. Nafasi kati ya vipande ni mm 2 hadi 7, na grauti (simenti ya kujazia nafasi kati ya vipande) nyeupe laini ilipakwa siku iliyofuata. Leo ni siku ya nne: kuna nyufa nyembamba kama unywele, utando mweupe juu ya vigae, vipande kama kumi vinacheza vikibonyezwa, na kioo cha bluu kimegeuka rangi ya matope. Meza ni ya barazani, mvua ya upepo huwa inafika. Inaokoka?

mwiko_wa_meno
Weka nyundo chini kwanza. Dalili ni nne lakini chanzo si kimoja.

Vinavyocheza ni gundi. Gundi nyeupe hukauka kwa kupoteza maji, na kigae chenye ung'avu hakiyapitishi, kwa hiyo katikati ya kipande kikubwa hukaa mbichi kwa siku kadhaa. Ukapaka grauti baada ya siku moja, ukaiongezea maji. Gonga kila kipande kwa sarafu: kilichoshika hutoa mlio mkavu, kilichoachia hulia utupu kama debe. Tia alama ya penseli kila penye utupu. Usishangae vikizidi hivyo kumi.

Nyufa ni mambo mawili. Grauti laini isiyo na mchanga ni ya nafasi zisizozidi mm 3. Kwenye mm 7 inasinyaa na kupasuka, kwa kuwa hakuna punje za mchanga za kuzuia msinyao. Pili, maji. Fuata kipimo cha pakiti, pima kwa chupa yenye alama, usikisie. Mchanganyiko mzuri unabaki juu ya mwiko ulioinamishwa, mzito kama dawa ya meno. Ukishakoroga uache dakika 5 hadi 10, kisha koroga tena bila kuongeza hata tone. Kuongeza maji grauti ikishaanza kukaza ndiko kunakoleta ile inayotoka unga ukiikwaruza kwa ukucha.

Utando ni sponji yenye maji mengi, au umechelewa kufuta. Subiri dakika 15 hadi 20 mpaka grauti isibonyee kwa kidole, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, geuza upande safi kila mpapaso, malizia kwa kitambaa kikavu. Kwa sasa jaribu siki iliyozimuliwa.

Kioo hakina kosa. Unachokiona ni rangi ya plaiwudi kupitia bluu.

punje_ya_mchanga
Hapo kwenye siki, ngojeni kwanza. Grauti ya simenti ya siku nne bado changa na tindikali huila. Subiri iive, angalau siku kumi hivi, lowesha grauti kwa maji safi ili isinywe siki, tumia sehemu 1 ya siki kwa 10 za maji, suuza mara moja. Na kama kuna hata kipande kimoja cha marumaru au mawe ya chokaa, siki isikaribie kabisa. Inatoboa ung'avu wake palepale.

Ila swali kubwa ni baraza. Kwa meza ya ndani ningesema kwangua nyufa, rudishia vilivyoachia, basi. Kwa inayofikiwa na mvua hapana: gundi nyeupe italainika kila msimu, na plaiwudi ya mm 9 inapinda, ikipinda grauti inakatika hata ungeichanganya vizuri namna gani. Hamishia kwenye ubao wa simenti ulioshikiliwa na fremu imara. Bandika kwa gundi ya simenti yenye polima, nyeupe. Chini ya kioo isawazishe iwe bapa, maana michirizi ya mwiko wenye meno huonekana yote. Gundi ikipanda katikati ya vipande itoe kwa msumari ingali laini, grauti ipate angalau theluthi mbili za kina. Subiri saa 24 kabla ya kupaka grauti, ya mchanga safari hii. Kwa vipande vya sm 2 kwa 2, unene mm 5, nafasi mm 3, ni karibu kilo 2.4 kwa mita ya mraba. Uso wa meza yako ni mita za mraba 0.28, yaani gramu 700 hivi. Changanya kilo moja, kwani zinazobaki kwenye ndoo hazikosekani. Ikishakauka juujuu, funika kwa nailoni siku mbili ikaze polepole.

mstari_pinda
Mimi nafasi zisizolingana nisingezifuta zote. Pale Park Güell, bustani ya Barcelona yenye benchi refu la mozaiki (ilijengwa 1900 hadi 1914), vigae ni vya kuvunjwa na nafasi hazilingani. Jicho linakubali kwa sababu vipande vinafuata mkunjo wa benchi. Kinachokera ni nafasi pana iliyokaa peke yake. Ya mm 7 ichomekee kijipande chembamba, au panua na jirani zake mbili tatu ionekane imekusudiwa. Kioo kilichoinama kidogo nacho ni mali ukutani, kinadaka mwanga. Kwenye meza kitamwaga kikombe, kilaze.

Grauti nyeupe pia inafifisha bluu. Jaribu kijivu cha kati kwenye kibao cha sm 10 kwa 10 ukitumia vipande vilevile, uiangalie ikishakauka, si mbichi.

kokoto7
Asanteni. Nang'oaje bila kuvunja mpangilio?

punje_ya_mchanga
Vaa miwani na barakoa, kwangua grauti yote kwanza, hiyo ndiyo kazi. Bandika karatasi ya plastiki yenye gundi juu ya picha nzima. Geuza, toboa plaiwudi matundu kwa nyuma bila kugusa vigae, funika kwa taulo la maji ya moto usiku kucha, ukilibadilisha likipoa. Gundi nyeupe italainika na ubao utaachia. Iliyokuangusha ndiyo itakayokurahisishia. Mabaki yake sugua yaishe kabisa, gundi ya simenti haishiki juu yake.