Hizi chafya ni karafuu au ndo korona yenyewe?

BintiWaWete

Asalaam alaykum, naomba mnisaidie wenzangu mana hapa nilipo akili imeganda. Mie nipo Wete, na kila msimu wa karafuu ukifika lazima niumwe. Yaani siku ya mwanzo tu tukimwaga karafuu mbichi ukumbini tukaanza kuchambua, naanza chafya, si moja si mbili, kumi mfululizo, pua inachuruzika maji kama bomba bovu, macho yanawasha mpaka yanavimba. Nnayo hii tangu niko skuli. Nikenda kukaa kwa dada Chake siku mbili tatu basi yote kwisha, nikirudi nayo yarudi. Kwa hiyo mie na aleji tunajuana, hatugombani.

Shida ni mwaka huu. Imeanza vilevile, nikasema haya mgeni wangu kafika. Lakini tangu juzi naona kama kuna kitu kimepandia juu yake. Koo haiwashi, inauma. Mgongo na magoti mazito kama nimebeba magunia kutwa, na mie sijabeba kitu, nimekaa tu kwenye jamvi. Usiku kikohozi kikavu. Mume wangu anasema ni vumbi la makonyo, hivi vijiti vya karafuu, tu usijitie hofu. Jirani yangu kasimama mlangoni haingii, anasema kwa sauti "hiyo korona hiyo" mpaka wapita njia wamesikia. Jana kwenye gari ya abiria nimepiga chafya mbili, kiti changu chote wamehama, na barakoa nimevaa! Siwalaumu sana, tangu msiba wa Maalim Seif Februari hii ya 2021, na chama chake kilishasema mapema kuwa kapimwa ana korona, huku kwetu Pemba mtu akikohoa anatizamwa kwa jicho jengine.

Ndani nnaye bibi, umri ushapita 80, ana sukari na presha, na analala chumba kimoja na mie. Sasa nauliza, ntajuaje kama hii ni aleji au maradhi ya kuambukiza? Nikimeza piritoni nikapata nafuu ndo ushahidi kuwa ni aleji? Na niendelee kuchambua na watoto au vipi, mana karafuu zimejaa ndani na zikilala kwenye rundo zinaingia joto zinaharibika, hasara juu ya maradhi.

KijanaWaDarajani

Pole dada. Usijisumbue na mambo ya vipimo, chemsha mkaratusi, mchaichai, limau na tangawizi, jifunike shuka ujifukize kutwa mara tatu. Sisi nyumbani 2020 tulijifukiza wote kasoro paka, na tuko hapa. Kama aleji itaondoka, kama korona itaondoka.

NesiMstaafu_Chake

Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Nimekaa wodini miaka mingi, ntakwambia ninavojua, ila sikuoni wala sijakugusa, kwa hiyo yachukue kama mazungumzo ya mtu na mama yake, kupimwa kuko palepale.

Mtu akinijia na pua inavuja huwa namuuliza kwanza, kinawasha au kinauma? Aleji ni ugonjwa wa muwasho. Macho yanawasha, pua inawasha kwa ndani, hata kaakaa linawasha mtu analikuna kwa ulimi. Virusi mambo yao mengine, wao wanauma, wanachosha, wanatia homa. Wewe umeandika mwenyewe "haiwashi, inauma", na hapo ndo nilipovaa miwani vizuri nikasoma tena.

Halafu homa. Aleji haileti homa hata iwe kali vipi. Tafuta kipima joto, weka kwapani, ikifika 37.5 kwenda juu hiyo ni homa na vumbi la karafuu halihusiki. Lakini pima KABLA hujameza panadol, mana watu wetu wanameza panadol mbili asubuhi, mchana wanapima, wanakwambia nesi mie sina homa. Utakuwaje nayo na umeishusha mwenyewe? Na homa yenyewe pia si lazima iwe korona, kuna malaria, kuna dengi, ndo mana nasema kituo cha afya watakutizama vyote.

Wakati nao unasema. Aleji inakuja haraka, umeshika karafuu, dakika chache tu chafya, umetoka inapoa. Korona haiendi hivo, ukishaambukizwa inakaa kimya siku 2 mpaka 14, wengi kama siku 5, halafu inapanda pole pole na haijali kama upo kwenye jamvi au upo ufukweni. Kwa hiyo fanya jaribio dogo, toka kabisa kwenye karafuu, kaa chumba chengine chenye dirisha, uone ipi inayoondoka na ipi inayobaki. Mie nahisi macho yatapoa na mwili hautapoa, lakini tuone.

Kuhusu piritoni, hapana, si ushahidi. Piritoni inakausha pua hata ya mafua ya kawaida, na inatia usingizi, kwa hiyo utaona nafuu ukalala ukajidanganya. Sitirizini moja ya miligramu 10 kwa siku ni bora zaidi kwa aleji na haichoshi sana, ila nayo pia ikikusaidia chafya haina maana huna kitu chengine. (Na mwambie mumeo na vijana wake wasithubutu kumeza piritoni halafu wakapanda mkarafuu. Nimepokea wengi mno walioanguka, miguu na mgongo, na wapo waliopanda na usingizi machoni.)

Jengine ambalo watu hawalifikirii ni kuwa vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja wakati mmoja. Aleji hainunui kinga. Tena ndo hatari yake, mana mwenye aleji akiambukizwa anapiga chafya kuliko wote na anawaambia watu "msijali hii aleji yangu". Na korona mtu anaweza kuitoa hata siku mbili kabla hajahisi chochote.

Kwa hiyo leo leo, usingoje kesho, hama chumba cha bibi. Bibi apelekewe chakula na mwengine. Kikombe chako, taulo yako, na barakoa ukitoka chumbani, madirisha yawe wazi. Ikija kuwa ni karafuu tu utakuwa umepoteza nini, usiku mbili za kulala peke yako? Watoto nao wachambue nje uani, si ukumbini, wavae barakoa, itawasaidia hata na hilo vumbi.

Na harufu je? Karafuu unazisikia?

BintiWaWete

Ahsante sana mama, Allah akulipe. Harufu hata sijui niseme nini, nyumba nzima karafuu wiki ya pili hii, nishazoea, sizihisi tena kama mtu wa pwani asivohisi chumvi. Kipima joto natafuta, cha jirani siwezi kuazima mnajua kwa nini 😅

MzeeWaBaraza_Malindi

Mwanangu sikiliza na mie mtu mzima nikupe yangu, kwa aibu kidogo.

Nakaa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa, ukutani ukiegemea shati linatoka jeupe. Masika ikija kuta zinatoa jasho, ukungu unapanda mpaka kwenye boriti. Nna aleji ya huo ukungu miaka 30 na zaidi. Ina ratiba yake kama boti, alfajiri kabla sijenda msikitini chafya, macho, pua, jua likipanda nikitoka nje imekwisha. Naijua kuliko ninavomjua shemegi yangu.

Sasa masika ya 2020, skuli zishafungwa tangu Machi, watu wanaogopana, mie nikaanza chafya. Nikasema ukungu. Siku ya pili mwili mzito, nikasema umri. Siku ya tatu nimeshinda na baridi saa sita mchana na Unguja yote inachemka, nikasema labda nimelala vibaya! Kila kitu nilikitafutia wakili. Na jioni zote hizo nipo barazani, kahawa, vikombe vilevile vinazunguka, dhumna, tunapigiana kelele uso kwa uso.

Iliyonishtua ni samaki. Mke wangu kaacha samaki kwenye mafuta kaingia msalani, mie nimekaa hatua tatu kutoka jikoni nasikiliza redio. Katoka anapiga kelele, samaki makaa, moshi mpaka kwenye ngazi, ananiuliza wewe pua huna? Nikavuta pumzi, pua iko wazi kabisa, hewa inapita, harufu hakuna. Nikachukua udi, hakuna. Aleji pua ikiziba kweli harufu inapungua, hilo nimelizoea, lakini pua wazi na harufu hakuna sijawahi kuliona katika miaka 30. Nilipopimwa ikawa ndo yenyewe. Wiki ya pili wenzangu watatu wa barazani wameshikwa na homa. Sijui kama mie niliwapa au mmoja wao alinipa, na hatuulizani mpaka leo.

Aleji yako unaijua tabia yake, ikibadilisha tabia usiitetee.

MamaWawili_Konde

Naomba niingilie kidogo, mama Nesi. Mie mtoto wangu wa kiume miaka 9 ana pumu, vumbi la karafuu na moshi wa usumba vinamtesa, kifua kinapiga filimbi. Yeye ntajuaje? Na kujifukiza kama alivosema kaka wa Darajani nimfanyie?

NesiMstaafu_Chake

Usimfukize mama. Maji ya moto na mtoto chini ya shuka nimeona walioungua kifua na mapaja, hilo moja, na mvuke wa mkaratusi mkali unaweza kumbana kifua mwenye pumu zaidi. Kijana wa Darajani nakuheshimu mwanangu, mvuke unafungua pua mtu akapumua vizuri, kweli, lakini hauui virusi, na nyie mngepona tu kwa sababu wengi wanapona. Wasiopona hawaji hapa kutuandikia.

Kwa pumu, filimbi kifuani baada ya vumbi, hana homa, na akipuliziwa salbutamol yake anafunguka, hiyo ni pumu yake. Akiwa na homa, au pampu haimfungui kama siku zote, au anashindwa kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo inabadilika rangi, hapo usikae kuuliza watu mtandaoni, mbebe umpeleke. Na pampu asiiwache kwa kuogopa korona, mana wako waliodanganywa hivo.

KijanaWaDarajani

Sawa mama nimeelewa, nilikuwa nasaidia tu. Lakini si walisema korona haina mafua? Tuliambiwa homa, kikohozi kikavu na kukosa pumzi, chafya hazimo.

NesiMstaafu_Chake

Mwanzo ndo tulivoambiwa na ndo tulivowaambia watu. Lakini kirusi kimebadilika, sasa hivi wako wanaoanza na mafua na kuumwa kichwa na chafya kama mafua ya siku zote. Kwa hiyo ile ya "nnapiga chafya basi siyo" iacheni. Binti wa Wete yuko wapi, umepima?

BintiWaWete

Nipo mama. Jana jioni nimehamia chumba cha uani, bibi kalalamika kweli, anasema nimemkimbia, nimemweleza kupitia dirishani akaniambia "mie nimeona ndui mwanangu hiki nini", nimecheka mpaka nikakohoa. Dada kanitumia kipima joto kutoka Chake kwa gari. Asubuhi hii kabla sijala wala kumeza kitu, 38.2 kwapani. Nikarudia nikidhani kibovu, 38.1.

Macho kama ulivosema yamepoa tangu nimetoka kwenye karafuu, hayawashi, pua imekauka. Chafya nimepiga moja tu tangu jana. Lakini mwili ndo unazidi. Kwa hiyo mwenye aleji yake kaondoka kenda zake na kaniachia mwenzake ndani.

NesiMstaafu_Chake

Basi mwanangu nenda hospitali leo, wapigie simu kwanza au mumeo atangulie awaambie, uvae barakoa, usipande gari la watu kama unaweza kupata usafiri wa peke yako. Waambie wakupime na malaria. Waombe na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, kikisoma chini ya asilimia 94 wasikurudishe nyumbani. Maji kunywa kwa wingi, panadol sasa meza, ushapima. Bibi nani anamtizama? Aangaliwe na yeye, joto asubuhi na jioni, na sukari isiachwe kupimwa mana homa inaipandisha.

BintiWaWete

Wifi yangu kaja, atakaa naye, na yeye kavaa barakoa tangu mlangoni. Karafuu wanachambua watoto uani, nawasikia wanagombania makonyo. Mume wangu kenda kutafuta gari, hasemi tena vumbi.

Ile khabari ya samaki ya mzee wa Malindi imenikaa kichwani usiku kucha. Nimemwambia mtoto aniwekee karafuu dirishani, mbichi, zimechumwa asubuhi hii. Nimechukua konzi nzima nikazivunja kwa kucha mpaka mafuta yametoka, vidole vinateleza, nikaweka puani nikavuta. Pua iko wazi. Hakuna kitu. Nimezaliwa ndani ya harufu hii na leo nimeshika mafuta yake mkononi nasikia kama nimeshika maji.

Gari limefika, ntawajulisha wakishanipima inshallah.