MJADALA: Treni ya saa 12 asubuhi siku ya Jumapili, nani atufikishe stesheni?

Mkazi wa Segerea (mwanzisha mada)

Wadau habari zenu. Hili jambo limenikaa moyoni, naomba tulijadili kwa hoja.

Jumapili moja nilikuwa nampeleka mama Morogoro kwa SGR, ile treni mpya ya umeme, ya saa 12 asubuhi. Tulitoka nyumbani saa 10 usiku, tukafika kituoni saa 10 na robo. Siku za kazi saa hiyo gari za Kariakoo unazikuta zimewashwa, konda anaita abiria. Jumapili hiyo kituo kizima tulikuwa sisi wawili, mama muuza chai na mbwa. Saa 11 kasoro dakika kumi ikapita daladala moja, imekodiwa, imejaa watu wanaenda msibani. Bodaboda haikuwezekana, mama ana miaka 68, ana magoti mabovu na begi la nguo. Nikaita gari kwa simu: 15,000.

Nauli ya treni Dar hadi Morogoro, daraja la kawaida, ni 13,000. Yaani kutoka Segerea hadi stesheni ya SGR, jirani na Kamata, ndani ya mji huu huu, nimelipa zaidi ya nauli ya kwenda mkoa mwingine. Daladala ingetufikisha wote wawili kwa chini ya elfu mbili.

Wenzetu wa barabara ya Morogoro wana nafuu kidogo. Mabasi ya mwendokasi yapo tangu 2016, ukishuka Gerezani unamalizia kwa miguu. Sisi wa Tabata, Segerea, Kinyerezi hatuna hiyo. Na treni haina mzaha na muda: kuna kukagua mizigo, kuna kuonyesha kitambulisho, ukichelewa imekwenda.

Msimamo wangu ni huu: Serikali iliyojenga reli ya mabilioni na kutupangia treni ya alfajiri, ihakikishe pia kuna basi la kutufikisha, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Mnasemaje?

Konda wa miaka tisa

Pole sana kaka, na mama mpe pole. Ila nikueleze ukweli wa mlangoni. Gari ina mwenyewe na mwenyewe anataka hesabu. Siku ya kazi nikitoka saa 10 usiku najaza kabla sijafika Tabata Relini: wachuuzi, mafundi, watu wa ofisini wanaokimbia foleni. Jumapili nikitoka saa hiyo nabeba watu sita. Mafuta hayajui kuwa ni Jumapili. Abiria wangu wa Jumapili wanaanza saa 12, watu wa ibada ya kwanza, ndiyo maana gari zinatoka hapo. Na Jumamosi gari nyingi zimekodiwa: harusi, msiba, kupeleka mahari. Kukodiwa kunalipa hesabu ya siku nzima kwa safari mbili. Usimlaumu konda.

Mama wa Mbagala

Mimi naipinga mada, kwa heshima zote. Mwenye 31,000 ya kwenda Dodoma hawezi kukosa ya bajaji. Kama kuna fedha ya umma ya kuwekea basi la alfajiri, basi hilo liwekwe kwa ajili ya watu wanaotoka alfajiri kila siku ya Mungu. Mimi ni muuguzi. Zamu yangu ya Jumapili inaanza asubuhi kama ya Jumatano. Wapo wanaokwenda Feri kununua samaki, wapo wapishi wa hoteli, wapo wafagiaji wa barabara. Hatujawahi kufunguliwa mada. Mmeanza kuona kituo kitupu baada ya treni kuja 2024, sisi tumesimama hapo miaka yote.

Mtu wa Pugu

Kwani lazima wote mwende Kamata? Treni zinazosimama Pugu zipandieni Pugu. Mtu wa Kitunda au Chanika kwenda mjini halafu apite tena Pugu akiwa ndani ya treni, huo ni mzunguko wa bure.

Mkazi wa Segerea

Mtu wa Pugu, si kila treni inasimama hapo. Na kutoka Segerea kwenda Pugu alfajiri, gari ni ile ile isiyokuwepo.

Dada wa Mbagala, umenigusa, na nakubali nilianzia pabaya. Nilikuwa naliona basi la abiria wa treni. Wewe umenionyesha kwamba treni ni abiria mmoja tu kati ya wengi wanaohitaji gari ile. Sasa hoja yangu naibadilisha hivi: kila njia kuu iwe na gari moja yenye saa inayojulikana, mwisho wa wiki, inayofika Kariakoo na Kamata kabla ya saa 11. Wewe unapanda, mimi napanda. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ndiyo inayotoa leseni za njia, iweke sharti hilo kwenye leseni, wenye magari wapokezane. Wiki hii gari hii, wiki ijayo ile. Na tiketi za treni watu hukata mapema, kwa hiyo idadi ya wasafiri inajulikana jana yake.

Mzee wa Ubungo Maziwa

Wanangu, kupanga muda kunawezekana. 2012 ilipoanza treni ya mjini, ile mliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, watu walisema haitamaliza mwezi. Mimi nilipanda asubuhi na jioni. Watu walijifunza saa yake, wakapanga maisha kwa saa hiyo. Gari ya kusubiri ijae ndipo iondoke haimfai mtu mwenye treni wala mwenye zamu.

Konda wa miaka tisa

Shikamoo mzee. Kupokezana nakubali, hakunipi hasara ya kila wiki. Lakini ndugu wa Segerea hujasema jambo moja: kurudi. Nimewashusha Kamata saa 11 kasoro, narudi Segerea na nani?

Mama wa Mbagala

Walinzi, mdogo wangu. Wanaotoka lindo la usiku. Tunapishana nao kila Jumapili, mimi nashuka wao wanatafuta gari ya kurudi.

Konda wa miaka tisa

Hao kweli wapo. Kuanzia saa 12 kasorobo wanakaa kwenye vibaraza vya maduka pale Kariakoo, wengine nawajua kwa sura. Lakini ni kumi, kumi na wawili, na gari yangu ina siti thelathini na mbili. Nikae karibu saa nzima niwasubiri, sawa. Siti zilizobaki nani anazilipia? LATRA, reli, au tajiri wangu? Hapo ndipo ninapotaka jibu kabla sijamwambia dereva aweke saa ya kuamka.