Ushauri: Trauti wa vijito vya juu vya Aberdare hunikimbia kabla sijarusha nzi

Mshipi_wa_Kilifi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Mimi ni mvuvi wa pwani niliyezoea mshipi wa mkono na risasi nzito ya kuzamisha ndoana ndani ya mashua, na sasa kazi imenihamishia Nyeri. Mwenyeji wangu alinipeleka juu kabisa ya Milima ya Aberdare, kwenye uwanda wa nyasi ambako mto Chania bado ni kijito cha kuruka kwa hatua mbili, nami nikawaona trauti, samaki wa maji ya baridi, waziwazi katika maji yale maangavu. Lakini kila nilipofika ukingoni walitokomea chini ya mawe kabla sijarusha chochote. Nimeazimwa fimbo ya kuvulia ya futi 9 na kisanduku cha nzi bandia, yaani ndoana zilizopambwa zifanane na wadudu, ambao siwajui hata majina. Naomba mnieleze ni nzi yupi anayefaa, ni majira gani ya kwenda, na taratibu za vibali zikoje.

Mzee_wa_Kijito

Kijana, suala la nzi liweke kando kwanza, kwa sababu samaki aliyekwisha kukuona hatakula nzi yeyote. Trauti hukaa ameelekeza kichwa upande yanakotoka maji, maana chakula chake huletwa na mkondo, na macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa humwezesha kuona karibu pande zote isipokuwa eneo dogo nyuma ya mkia. Zaidi ya hayo, mwanga hupinda unapoingia majini, hivyo samaki huiona dunia ya nje kupitia duara lililo juu ya kichwa chake. Anayesimama wima ukingoni huingia katika duara hilo mapema, ilhali aliyepiga goti hubaki pembezoni mwake, ambako sura ya vitu ni finyu na hafifu. Kwa hiyo panda mto kutoka chini kwenda juu ili uwe nyuma ya samaki, uiname, uvae nguo za rangi ya majani makavu, na uhakikishe kuwa kivuli chako hakitangulii.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Udongo wa uwanda ule ni laini na wenye maji, na mkondo huula kwa chini hadi ukingo ukabaki unaning'inia, kwa hiyo mara nyingi samaki mkubwa kuliko wote yuko chini ya nyayo zako, naye huhisi kishindo kwa mstari wa hisia uliopita ubavuni mwake. Simama mbali na ukingo, hata kama itakubidi mshipi ulale juu ya majani kabla ya kufika majini.

Ukifika kwenye kidimbwi, usikimbilie pale maji yanapoporomokea, ingawa ndipo panapovutia macho. Anza mwishoni mwa kidimbwi, pale maji yanapopungua kina kabla ya kumwagika tena, kwa kuwa hapo hukaa samaki mdogo ambaye ukimshtua atakimbia kwenda juu na kuwashtua wenzake wote. Kisha sogea kidogo kidogo: kwenye mstari unaotenga maji yaendayo kasi na yaliyotulia, kwenye utulivu ulio nyuma ya jiwe, na kwenye ile sehemu ndogo ya maji tulivu iliyo mbele ya jiwe, ambayo wageni huisahau.

Karuru77

Naafikiana na Mzee, ila ningeongeza kwamba samaki ambaye hajakuona bado anaweza kumkataa nzi wako ikiwa mshipi unamburuta. Mdudu halisi huelea kwa kasi ileile ya maji yanayombeba. Mshipi ukilala juu ya mikondo miwili yenye kasi tofauti, humvuta nzi na kumwachia mkia wa mawimbi ambao hakuna mdudu aliye nao. Kwa sababu hiyo fimbo yako ya futi 9, ambayo ingekusumbua sana ndani ya mianzi na vichaka vya chini, itakufaa kule uwandani: inyanyue juu ili karibu mshipi wote ubaki hewani, na nzi peke yake aguse maji. Mita tano au sita za kurusha zinatosha.

Kwa wewe uliyezoea risasi, elewa pia kwamba hapa uzito uko katika mshipi wenyewe, si mwishoni mwake. Rudisha fimbo nyuma, isimamishe, ungoje mshipi unyooke, ndipo upeleke mbele. Mkono wenye nguvu nyingi huharibu kila kitu. Kuhusu nzi, wadogo wa kahawia au weusi wenye ndoana namba 12 hadi 16 watakutosha, ukikumbuka kwamba namba ikiwa kubwa ndoana huwa ndogo. Maji yakichafuka kwa mvua, tumia mkubwa kidogo, mweusi, anayezama.

Binti_Baridi

Nenda Januari na Februari, au baada ya mvua ndefu kuisha, ingawa Julai na Agosti ukungu na baridi vitakutesa. Wakati wa mvua barabara za juu hugeuka tope zisipitike. Kiingilio cha hifadhi na leseni ya uvuvi ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo uliza vyote viwili kabla ya safari, na uombe askari wa wanyamapori akusindikize, kwa sababu nyati hulala katika vichaka vya kando ya mto, kulekule ambako Mzee anakushauri uiname. Aidha, mwambie dereva kwamba unakwenda Chania ya Nyeri. Iko nyingine inayotoka katika milima hiyohiyo na kuteremkia Thika.

Mshipi_wa_Kilifi

Shikamoo Mzee, nanyi nyote nawashukuru. Je, nikikosa kabisa naruhusiwa kutumia funza? Na samaki nikimpata, nimrudishe au nimle?

Ndoana_Kavu

Funza waache nyumbani. Mito ya trauti huku huvuliwa kwa nzi bandia. Kuhusu kurudisha, mimi hurudisha wote. Bana kwa koleo ule mwiba mdogo wa ndani ya ndoana ili itoke kwa urahisi, lowesha mikono kabla ya kumshika kwa sababu ute wa ngozi yake ndio kinga yake, wala usimtoe majini kwa ajili ya picha ndefu.

Mzee_wa_Kijito

Marahaba mwanangu. Ndoana_Kavu ameeleza vizuri namna ya kurudisha, lakini sikubaliani kwamba ni lazima. Trauti si mwenyeji wa milima hii: wa kahawia waliletwa na mlowezi wa Kiingereza Ewart Grogan kutoka ziwa Loch Leven, Scotland, mwaka 1905 na kuwekwa katika mto Gura, na wale wenye utepe wa waridi ubavuni wakafuata baadaye kutoka Afrika Kusini. Katika vijito vya juu chakula ni kichache na maji ni ya baridi, kwa hiyo samaki wakizidi wote hubaki wadogo. Ukichukua wawili wa mlo wako, ndani ya idadi inayoruhusiwa na leseni, hutakuwa umeudhuru mto. Mkubwa mwenye mayai ndiye ningemwacha.

Na huyo wa kwanza utakayemchukua, mpasue tumbo palepale kando ya mto, umwage yaliyomo katika kiganja chenye maji kidogo. Ukikuta mabuu ya wadudu wa chini ya mawe, funga nzi anayezama. Ukikuta wadudu wenye mabawa, funga anayeelea.