Kingamwili katika damu ya wachangiaji: asilimia 5.6 iligeukaje kuwa 4.3?

Mwalimu wa Hisabati: Hamjambo ndugu zangu. Watafiti wa Kilifi, katika mpango wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust (shirika la hisani la Uingereza), walipima sampuli 3,098 za wachangia damu wa Kenya zilizotolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakakuta 174 zina kingamwili za virusi vya korona, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi hivyo. Hiyo ni asilimia 5.6, lakini makadirio yao ya mwisho ni asilimia 4.3. Wanafunzi wangu wameniuliza sehemu iliyopungua imekwenda wapi, nami sipendi kuwajibu kwa kubahatisha. Tena, wakati huo waliothibitishwa kuugua nchini hawakufika 4,000; asilimia hizo zinapatanaje na idadi ndogo hivyo?

Mtu wa Maabara: Shikamoo mwalimu. Hakuna kipimo kisichokosea. Chao kiliwatambua takriban 93 katika kila watu 100 walioambukizwa, na katika kila 100 wasioambukizwa kilimsingizia mmoja. Hilo la kusingizia walilijua kwa kupima damu iliyohifadhiwa tangu kabla ya janga, ambayo haingeweza kuwa na kingamwili hizo. Sasa chukua watu 1,000, na 50 kati yao wawe wameambukizwa kweli. Kipimo kitawaona 46, kisha katika wale 950 waliobaki kitawasingizia tisa au kumi, na jumla itakaribia 56. Kwa hiyo 5.6 inashuka hadi kama 5. Maambukizi yangekuwa ya mtu mmoja tu katika 100, zaidi ya nusu ya majibu ya "ndiyo" yangekuwa ya uongo, na hili ndilo linalonisumbua ninapoona watu wakitangaza hesabu ghafi, isiyorekebishwa.

Mtakwimu wa Mombasa: Kilichobaki kinatokana na nani alitoa damu. Wachangiaji si mfano kamili wa jamii, kwa hiyo watafiti walilipa kila kundi la umri, jinsia na eneo uzito katika hesabu unaolingana na idadi yake kwenye sensa. Hapa Mombasa makadirio yalifika asilimia 8, juu ya wastani wa nchi. Hata hivyo, uzito huo hauondoi kila upendeleo: mwenye homa hukataliwa kuchangia, na anayetoka kwenda kuchangia huenda anakutana na watu wengi kuliko anayejifungia nyumbani.

Kuhusu wale 4,000, kipimo cha puani huona virusi vilivyopo mwilini siku hizo tu, na wengi walioambukizwa hawakuumwa wala hawakupimwa. Kingamwili huchelewa wiki moja au mbili kujitokeza, kisha hubaki kwa miezi. Asilimia 4.3 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 ni zaidi ya watu milioni moja.

Mwalimu wa Hisabati: Marahaba, na ahsanteni sana. Kesho nitapeleka darasani maharagwe meupe 950 na meusi 50, wahesabu wenyewe.