Mrejesho: picha za kupatwa kwa jua Indianapolis

Wadau habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza ntapigaje picha jua likipatwa kabisa tarehe 8 Aprili 2024 hapa Indianapolis, Marekani, na lenzi yangu ya 300mm. Asanteni sana jamani. Nilimfuata aliyesema filta ya jua (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ikae mbele ya lenzi muda wote niitoe zikibaki sekunde chache tu jua lizibwe lote, fokasi niiweke mapema kwa mkono, na ile ya kubadilisha shata (muda kamera inaoingiza mwanga) toka 1/1000 ya sekunde hadi nusu sekunde ndo imefanya kazi kuliko zote, maana picha za haraka zimetoa vile vindimi vya pinki vya gesi ya jua pembeni mwa mwezi na za polepole zimetoa korona, yaani tabaka la nje la jua, ilivyotawanyika. Simu imegoma, kila picha doa jeupe tu. Pete ya almasi (ule mng'ao wa mwisho wa jua kabla halijazibwa lote, na wa kwanza likianza kutoka) ya mwanzo nimeipata, ya mwisho imenipita, dakika karibu 4 zinaisha haraka mno. Na wewe uliyeniambia niiache kamera nitazame kwa macho, Mungu akubariki, sayari ya Zuhura inang'aa saa tisa mchana! Miwani maalumu ya kutazamia jua tulivua wakati jua limezibwa lote tu, mwanga ulipochomoza tukarudisha. Wanaojipanga na kupatwa kwa jua kwa Luxor, Misri, tarehe 2 Agosti 2027, kule ni zaidi ya dakika 6, mtapiga kwa nafasi.