Tupeane uzoefu: mliwezaje kuchangia shule ya msingi ya serikali bila kutukanana?

Mzazi wa Njia ya Pongwe (mleta mada)

Assalaam alaykum, habari za jioni wadau.

Jumamosi tuliitwa kikao cha wazazi kwenye shule ya serikali wanayosoma wanangu wawili, huku njia ya Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Ajenda ilikuwa moja: vyoo. Wasichana wanapita mia nne, matundu yanayotumika ni sita, na moja mlango wake ni gunia. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo hata aliyeishia la pili anaweza kupiga hesabu: tulitakiwa tuwe na zaidi ya 20. Mapumziko foleni inafika mpaka kwenye mwembe, kengele ikilia walio nyuma wanarudi darasani hivyo hivyo.

Tulikuja wazazi kama arobaini. Mwalimu mkuu alipotamka "mchango" tu, baba mmoja akasimama: "Elimu ni bure tangu 2016, mnatuomba nini tena?" Nusu ya kikao wakapiga makofi, nusu nyingine ghafla wakawa na simu za kupokea. Kikao kikafia pale. Nami nimetoka nimechaguliwa, sijui kwa kosa gani, kwenye kamati ndogo ya uhamasishaji. Sijawahi kuchangisha hata harusi. Mliopita njia hii mlifanyaje? Nadharia ninazo, nataka yaliyowakuta.

Mjumbe Mstaafu, Duga

Pole mkuu, hicho cheo nimekibeba miaka sita. Huyo baba usimchukie, ana hoja. Ada na michango ya lazima ilifutwa Januari 2016. Mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli akawakataza walimu kushika michango, akasema anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke kwa mkurugenzi. Watu waliisikia nusu ya kwanza, ya pili ikawapita. Ukisimama ukasema "kila mzazi elfu kumi", umeshavunja utaratibu na yeye ndiye mwenye haki.

Sisi kikao cha kwanza kilikufa kama chenu. Cha pili hatukuomba hela kabisa. Tuliandika ubaoni ruzuku ambayo serikali inaipa shule: shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Humo 4,000 zinabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, zinazoshuka shuleni ni 6,000, yaani 500 kwa mwezi. Mwenyekiti akatoa jero mfukoni akainyanyua. "Hii ni chaki, mitihani, michezo na ukarabati, mwezi mzima, kwa mtoto mmoja." Bibi mmoja nyuma akauliza, "Hiyo hiyo na choo?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Kikao kilianzia hapo.

Baada ya hapo muhtasari ukaenda kwa mtendaji wa kata, kwa afisa elimu kata, hadi halmashauri kuomba kibali. Tulisubiri miezi miwili na zaidi. Msiiruke hatua hii hata mkichoka, maana siku atakapokuja mtu na barua ya malalamiko, kile kibali ndicho kitakachomwokoa mwalimu mkuu wenu.

Kilichotuvusha hasa ni ubao. Tuliupigilia kwenye ukuta unaotazama barabara, nje ya geti, ili hata asiye na mtoto aone. Kila Ijumaa baada ya swala mwenyekiti wa mtaa na mzazi mmoja wanaandika kilichoingia na kilichotoka. Mama wa mihogo, ndoo 12 za mchanga. Fundi baiskeli, siku mbili za kazi. Vijana wa guta, safari tano za kokoto. Kuna wiki tuliandika "hakuna kilichoingia". Nilitaka tuache wazi, mwenyekiti akakataa. Wiki iliyofuata ndiyo iliyoleta saruji nyingi kuliko zote. Na jina la mtu likikosewa herufi moja, alfajiri yuko mlangoni kwako.

Muuza Samaki wa Deep Sea

Mimi naona mnatafuta wazazi mahali wasipokuwepo. Kikao Jumamosi saa tatu asubuhi, saa hiyo mwenzenu nina ndoo ya vibua kichwani. Nikikosa kikao naambiwa sijali mtoto.

Niseme langu, aibu nimeshaimaliza. Binti yangu alipovunja ungo akawa kila mwezi anakosa shule siku tatu, nne. Mimi nikadhani uvivu, nikamchapa, Mungu anisamehe. Aliyekuja kuniambia ni somo yake, yule mama aliyemfunda: mtoto anaogopa, choo cha shule hakina mlango wala maji, wavulana wanachungulia. Mama mzazi sikuambiwa, kaambiwa somo. Ndivyo tulivyo huku pwani.

Yule somo akaongea na masomo wenzake, wakaja sokoni na mwalimu mmoja wa kike baada ya mnada. Hawakuja na hotuba. Wamekaa nasi kwenye mabeseni wakisaidia kupaa samaki, maneno yakitoka kidogo kidogo. Kumbe kila mama pale ana kisa chake na kila mmoja alidhani ni wa kwake peke yake.

Tulikuwa watu 20 kwenye upatu wetu. Tukakubaliana kuongeza jina la 21, tukaliita Choo. Zamu ya Choo ikifika, anapokea kama mwanachama mwingine, na hela inakwenda benki kwenye akaunti ya shule, risiti tunaitunza sisi. Mtu akichelewesha anaambiwa, "Unamdhulumu Choo." Tumezungusha mara mbili. Wa kwanza kuuliza zamu ya Choo lini ni mume wangu, ambaye upatu hakuupenda maisha yake yote.

Abiria wa Makorora

Choo mwanachama wa upatu! Nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia.

Fundi wa Mwambani

Mleta mada, kabla ya shilingi ya kwanza chimbeni shimo la majaribio. Huku karibu na bahari tulifanya msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, mzuri sana, watu sitini, ngoma, uji, kila kitu. Futi ya tano tukagonga jiwe la matumbawe. Hela ya tofali ikaenda kwa wapasua mawe. Ikabidi choo kiinuliwe kwa ngazi tatu na karo la maji taka tulihamishie upande wenye udongo laini. Tukasahau mteremko wa mtoto wa kiti cha magurudumu! Tuliujenga baadaye kwa saruji iliyobaki, tena baada ya mama yake kutuuliza.

Na fyatueni tofali mbele ya wazazi. Fundi akijisifu anatoa tofali nyingi kuliko wenzake kwa mfuko mmoja wa saruji, chukua moja uidondoshe usawa wa kiuno. Zetu za kwanza zilivunjika kama maandazi ya jana.

Niliumwa na Nyoka

Nyote mnaongea vizuri. Mtaani kwetu tulichangia madawati, kiongozi mmoja (simtaji, watoto wake hawana kosa) akasimamia ununuzi peke yake. Yalikuja yamepakwa vanishi yanang'aa, ndani mbao laini. Muhula mmoja watoto wakawa chini tena. Tangu siku hiyo sitoi hela. Natoa mgongo wangu, nikiitwa kuchimba nakuja. Watu kama mimi ni wengi, msituite wakorofi.

Chaki Nyeupe

Mimi mwalimu. Mzazi akinipa hata elfu moja mkononi namrudishia, namwelekeza kwa kamati. Wananiona nina maringo. Lingine: msiruhusu orodha ya watoto ambao wazazi wao hawajatoa kusomwa mstarini. Nimeona mtoto wa la nne akijificha nyuma ya tangi la maji hadi mstari uvunjwe.

Niko Muheza Kwetu

Naongezea hapo kwa mwalimu. Sisi ilikuwa uji. Tulichangishana mahindi na sukari, likaja swali la mtoto ambaye kwao hawakutoa. Kikao kilichukua siku nzima. Wapo waliosema akipewa, wengine wataacha kutoa. Na kweli, wachache waliacha, sidanganyi. Tukakubali hasara hiyo, kila mtoto akanywa, maana mpishi alisema yeye hawezi kumruka mtoto na kikombe chake. Kilichosaidia ni kungoja msimu wa machungwa. Kuomba mzazi wa Muheza hela kabla machungwa hayajauzwa ni kumtafutia ugomvi na mkewe.

Ng'ambo Muscat

Sisi tuliosoma zamani shule moja huko nyumbani tulifungua kundi la WhatsApp tuichangie choo. Wiki mbili tuligombana kuhusu jambo moja: majina yetu yaandikwe ukutani kwa ukubwa gani. Choo chenyewe hakijaanza! Mmoja wetu akauliza, "Kwani nani anataka jina lake juu ya mlango wa choo?" Mjadala ukaisha, hela ikatumwa siku ile ile. Ila tunachodai ni picha. Picha za shimo, za tofali, hata za fundi kalala. Mwezi ukipita bila picha, huku maneno yanaanza.

Mzazi wa Njia ya Pongwe

Nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mwenyekiti wetu. Kesho ninakwenda kumtafuta yule baba wa kikaoni, nimeambiwa ana mkono wa useremala. Nataka nimwombe aukague ubao wetu kila Ijumaa, akikataa angalau autengeneze. Shimo la majaribio Jumapili. Dada wa Deep Sea, mnada huwa unaisha saa ngapi? Nije na mama mwenzangu wa kamati.

Muuza Samaki wa Deep Sea

Njooni saa tano, tunakuwa tumetulia. Na mje na ndoo, samaki mtapaa.