Tupeane uzoefu: siku pikipiki iligoma kuwaka, ukahangaika na umeme, kumbe tatizo lilikuwa nini?

Kobe wa Buhongwa
Wakuu, habari za asubuhi. Nipo uani hapa Buhongwa, Mwanza, natoka jasho na jua halijachomoza vizuri. Usiku mvua imepiga, ile ya upepo wa ziwani inayoingia mpaka chini ya turubai. Asubuhi nageuza ufunguo, taa ya nyutro, ile ya kijani, inawaka, honi inalia kama mbuzi mwenye mafua. Nabonyeza selfu: tik. Tik. Basi. Kiki nimepiga mpaka kisigino kinauma. Jioni bosi anataka hesabu yake, kwa hiyo msinicheke. Aliyewahi kupatwa na hili aseme ilikuwa nini. Na wengine mwageni zenu, maana nimekumbuka mwaka jana ilinizimikia karibu na stendi ya Nyegezi, abiria ana tiketi ya basi mkononi. Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Sato Mkavu
Betri hiyo. Nunua mpya, uzi ufungwe.

Fundi Nyaya
Sato acha kumtia mwenzio hasara. Hiyo "tik" ni relei ya selfu inavuta, ila umeme unaofika kwenye mota hautoshi kuizungusha. Inaweza kuwa betri, inaweza kuwa njia. Kobe, azima mita, weka volti za DC, pima kwenye vichwa vya betri ufunguo ukiwa umezimwa. Ikisoma 12.6 na kuendelea, imeshiba. Ikikaribia 12.0, ina njaa. Halafu, na hapa ndipo wengi hawafiki, mtu abonyeze selfu huku wewe umetazama mita. Ikianguka hadi 8 au 7, betri imechoka hata kama ilisoma vizuri ikiwa imelala. Isipoanguka na mota haizunguki, umeme unakwama njiani.

Kijiwe Igoma
Kiki haina uhusiano na betri. Mimi yangu nimeendesha miezi minne bila betri kabisa. Tatizo lake ni plagi.

Fundi Nyaya
Yako ni yako. Kuna sidiai (kile kiboksi kinachoamuru moto wa plagi) inayolishwa moja kwa moja na koili yake kule kwenye stata, yaani zile koili za kuzalisha umeme injini ikizunguka; hiyo hata betri ukiitupa ziwani unapiga kiki inawaka. Na kuna inayokula umeme wa betri. Hiyo ya pili betri ikifa utapiga kiki mpaka Kwaresma iishe. Msiwe mnashauri pikipiki msiyoiona.

Kijiwe Igoma
Fundi wa mtandaoni. Haya.

Bosi Mama Kirumba
Mimi ni mwenye chombo, si dereva, naomba niseme. Kila Ijumaa kijana wangu ananipigia: "Bosi, leo umeme umesumbua, hesabu itapungua." Umeme gani unaosumbua Ijumaa tu? Siku nikashuka mwenyewe Mwaloni, nikamkuta kweli kaikalisha kando ya magunia ya dagaa, siti imefunuliwa, anatoa manyoya na vipande vya nailoni. Panya kazaa pale chini ya siti! Pikipiki inabeba dagaa kila alfajiri, inanuka dagaa, inalala stoo ya dagaa, panya afanyeje? Alikuwa ametafuna waya mwekundu mpaka shaba inang'aa kama pete ya ndoa. Nilimwomba radhi kijana. Kwa Ijumaa ile tu.

Kobe wa Buhongwa
😂😂 Mama umeniua. Mita naifuata kwa jirani.

Mtoto wa Igogo
Mama umetusemea vibaya madereva. Mnataka hesabu kila siku, tairi mnataka tununue sisi, chombo kikigoma ni uongo.

Bosi Mama Kirumba
Nimesema nilimwomba radhi. Soma vizuri mwanangu.

Kipara wa Kisorya
Uzi huu umenikumbusha aibu ambayo nilidhani imeshazikwa. Kaeni chini.

Mke wangu ni wa Ukerewe, mimi Msukuma wa Magu. Mama mkwe alikuwa Bunda kwa dada yake, ukatokea msiba Nansio, gari hakuna, nikaambiwa nimpeleke. Nilikataa, nikaambiwa tena. Kwetu mama mkwe unampisha njia, leo nimpakie! Nikafunga mto kwenye keria, akakaa upande, akashika keria, hakunigusa. Bunda mpaka Kisorya hatukuzungumza neno zaidi ya "pole, kuna shimo."

Tukaingia kwenye kivuko cha kwenda Rugezi. Kubanana kule mnakujua: mbele gari la soda, nyuma baiskeli za matete, mimi katikati usukani nimeukata kushoto mpaka mwisho ili nipate nafasi. Tunafika, mlango unashuka, nageuza ufunguo: kimya. Taa hakuna. Honi hakuna. Magari nyuma yananipigia honi, wahudumu wananipigia kelele. Nikanyoosha usukani nisukume, puu, taa ikawaka! Nikapiga kiki, ikaunguruma, nikasema asante Mungu. Mama mkwe akapanda, tukatoka mita mia hivi, kona ya kushoto, ikafa.

Nikashuka. Nikatoa plagi, nikaigusisha kwenye injini, nikapiga kiki: moto wa bluu, safi kabisa. Narudisha, inawaka. Nakata kona, inakufa. Mara ya tatu watu wamejaa. Mzee mmoja akasema mmetoka na kitu huko mlikotoka, msiba huu una mambo. Kijana mwingine akasema sidiai imeungua, anayo ya kuuza, elfu arobaini. Nilishaingiza mkono mfukoni.

Mama mkwe amekaa kwenye jiwe, kajifunika kanga mpaka paji la uso, hanitazami, anatazama pikipiki. Akasema kwa sauti ya chini kama anaongea na jiwe: "Baba, kale kataa ka kijani kanazima kila ukipeleka mikono huku." Nikakata kushoto, kataa kakazima. Nikanyoosha, kakawaka. Wenye sidiai wakaondoka mmoja mmoja.

Nikafungua utepe kwenye shingo ya usukani, pale fungu la nyaya linapojikunja kila ukikata kona. Waya wa kutoka kwenye swichi ya ufunguo, ngozi nzima, utumbo umekatika. Ukiuvuta unarefuka kama bazoka. Nikaumenya kwa meno, nikausokota, nikafunga na nailoni ya ubuyu aliyonipa yeye. Tulifika Nansio hawajazika.

Sato Mkavu
Chai. Mkwe wa Kikerewe afundishe Msukuma umeme?

Kipara wa Kisorya
Kunywa basi, iko moto.

Mtoto wa Igogo
Mimi naamini. Yangu ilikuwa hivyohivyo ila upande wa kulia, nilikuwa nazunguka kona za kushoto tu mpaka nyumbani Mabatini.

Binti Nansio
Kumbe ndo mana pale karibu na kivuko watu husema "kama ya mkwe"! Nilikuwa sijui chanzo 😂

Kipara wa Kisorya
Unanitania wewe.

Binti Nansio
Kidogo.

Mzee wa Kapripointi
Vijana, kukaa upande Bunda mpaka Kisorya ni hatari, na helmeti sijaisikia mahali popote kwenye hadithi.

Kijiwe Igoma
Mzee, hapa tunaongea umeme.

Shoti ya Usagara
Na mimi nitoe yangu fupi. Fyuzi ilikatika njiani, nikavingirisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara nikaweka. Ikawaka. Nikajiona mjanja mpaka Usagara, pale moshi ulipoanza kutoka chini ya tangi. Nilimwaga maji ya abiria, chupa nzima. Fyuzi ilikuwa imekatika kwa sababu, mimi nikaiondolea mlinzi. Kuwekewa nyaya mpya pikipiki yote nililipia kwa wiki tatu.

Sato Mkavu
Ukitaka kujua kama inachaji, injini ikiwa inaunguruma chomoa betri. Ikizima, stata imekufa.

Fundi Nyaya
USIFANYE HIVYO. Ukichomoa, volti zinaweza kuruka juu, taa, rectifaya (kile cha kugeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji) na sidiai vikaenda pamoja. Pima tu: piga resi ya kati, mita kwenye betri, ikisoma kama 13.5 hadi 14.5 inachaji. Ikibaki 12 na kitu, fuata stata na rectifaya. Ikipita 15, rectifaya inakuchemshia betri. Na yule wa plagi, ukijaribu moto iweke mbali na tundu la injini, petroli inapumua pale. Mimi nyusi hizi zimeota upya.

Sato Mkavu
Mimi nachomoaga miaka yote.

Mtoto wa Igogo
Na miaka yote unanunua betri mpya 😂

Kobe wa Buhongwa
Nimerudi. Betri inasoma 12.7. Nabonyeza selfu, imebaki 12.5, tik tik zinaendelea. Fundi, haijaanguka.

Fundi Nyaya
Safi. Fuata waya mweusi wa hasi mpaka unapofungwa kwenye injini.

Kobe wa Buhongwa
Nati inazunguka kwa vidole! Chini yake kuna unga wa kijani, kile kijichuma cha mwisho wa waya kimekuwa kama jani la mwani.

Fundi Nyaya
Ndio honi ilivyokuwa mbuzi. Chomoa, sugua msasa mpaka ing'ae pande zote mbili, kaza, paka grisi kwa juu.

Kobe wa Buhongwa
IMEWAKA. Selfu mara moja. Wabeja sana Fundi. Nilishamuuliza mtu bei ya betri.

Sato Mkavu
Betri bado ibadilishe.

Kipara wa Kisorya
Nimemsomea mama mkwe kwa simu uzi wote. Ameuliza swali moja tu: kataa ka kijani kalikuwa kanawaka?